Punda wa Nyanya na Gunia la Maganda

Wiki jana niliingia kwa duka la dawa za mifugo hapa Embu, si mbali na mtaa wa Dallas ninakoishi, nikitafuta dawa ya kupe. Muuzaji alikuwa anamwonyesha mteja mkebe wenye picha ya farasi. Ndani ni unga wa thabai, yale majani yanayowasha ukiyagusa, wa kuchanganya na chakula cha farasi anayekohoa na kujikuna majira ya maua. Mteja alikuwa kijana mwenye farasi wa kubebea watoto siku za sikukuu. Akauliza, "Na punda je?" Muuzaji akamwambia, "Punda akikohoa si unampiga tu kiboko!" Wakacheka, na ucheshi ulikuwepo, siwezi kukataa. Lakini mimi nilitoka bila kununua dawa ya kupe.

Nimejaribu kuandika habari hii mara nyingi nikaiacha. Sikusoma sana, na tena sijui kama kumbukumbu yangu inawatendea watu haki. Wewe soma, uamue mwenyewe.

Nililelewa na nyanya, upande wa Kanyakine. Shamba letu lilikuwa la kahawa, limeteremka kama paa la nyumba mpaka mtoni, na fakitori ya kahawa iko juu kabisa ng'ambo ya pili. Mwenye punda alihesabiwa kuwa mtu. Nyanya alikuwa na punda jike, wa kijivu, mwenye sikio moja lililokatika ncha, na huyo ndiye aliyepandisha kahawa yetu na ya akina mama wengine wasio na nguvu. Bila punda, nyanya angebaki na mgongo wake tu, na mgongo wenyewe ulikuwa umeanza kulalamika.

Shida ilikuwa mibariti, ile miti ya mpakani. Ikitoa maua yake ya rangi ya machungwa, na jua limekausha barabara mpaka vumbi linapanda lenyewe, punda alianza. Kwanza machozi. Halafu kujisugua shingo kwa nguzo ya zizi mpaka manyoya yanatoka. Halafu kikohozi, kikavu, kama mtu anapasua kuni mbichi. Mvua ikinyesha vizuri, kinaisha. Mwaka unaofuata, tena. Na ubaya wake ni kwamba majira hayo yalikuja kukutana na kahawa kuiva.

Nyanya hakusomea mifugo. Alijaribu hiki, akaacha, akajaribu kile. Alichofikia ni hiki: nyasi zote ziloweshwe kwa karai vumbi lilale, zichuruzike, kisha ziwekwe chini, si juu ya hori, ili punda ainamishe kichwa na pua ijisafishe. Kazi ya kulowesha ilikuwa yangu kabla ya shule, na maji ya asubuhi kule ni baridi ya kuuma mifupa. Yeye alikata thabai kando ya mto, mikono ameifunga gunia, akazianika mpaka zikanyauka na kuacha kuwasha, akazikatakata ndani ya pumba pamoja na mbegu za alizeti zilizopondwa. Jioni alichemsha majani ya mkaratusi, akaweka sufuria mbele ya punda, akasimama hapo akimshika shingo huku mvuke unawapanda wote wawili. Bado nikisikia harufu ya mkaratusi namwona nyanya akiwa na jasho usoni, kitambaa kimeteleza, anamwambia punda, "Vuta, mama, vuta."

Watu walicheka. "Leo punda anakunywa chai ya maziwa ama ya rangi?" waliuliza wakipita. Nyanya aliwajibu, "Ya rangi. Maziwa ni ya wageni, ingia!" Na kweli ilisaidia. Au niseme, mwaka ule nilidhani ilisaidia: kikohozi kilipungua, akapandisha mizigo ya kwanza bila kusimama njiani.

Sasa kwetu kuna desturi ya kuona mgonjwa. Huendi mikono mitupu. Na mgonjwa akiletewa chakula hakatai, anaonja hapo hapo, aliyeleta akimwangalia, ndipo moyo wa mgeni unatulia. Jirani yetu wa juu, mzee wa kanisa, alikuwa mtu wa kutembelea wagonjwa kuliko wote. Aliposikia punda wetu anauguzwa kama binadamu, akaja naye na lake: gunia la maganda ya maharage, yaliyobaki baada ya kupura. Nilikuwepo, nimeshika karai.

"Mama, nimekuja kumwona mgonjwa wako," akasema.

"Asante, baba. Karibu. Hebu kwanza niyaloweshe kidogo."

Akacheka, lakini si cheko zima. "Kwani chakula cha kwangu ni kichafu mpaka kioshwe?"

Nyanya alikuwa ameshanyoosha mkono kwa gunia. Akaurudisha. Jirani akamwaga maganda ndani ya hori, akalikung'uta gunia lisibaki kitu, na zizi lote likajaa vumbi la kijivu lenye harufu ya ukungu, maana yalikuwa yamekaa stoo yakipata unyevu. Punda akatia kichwa. Maganda ni matamu kwa punda. Jirani akatabasamu kwa furaha ya kweli, na lazima niseme hivyo kwa sababu niliiona.

Kila jioni akitoka shambani alipitia kwetu kuangalia kama mgonjwa anakula. Kwa hivyo maganda hayakutupwa wala kuloweshwa. Nyanya alimpa kidogo kidogo, na thabai, na mvuke, kana kwamba mkono mmoja ungeweza kufuta kazi ya mwingine. Punda akaanza kuvuta pumzi kwa tumbo, mbavu zikionyesha mfereji, pua zimepanuka. Akaacha kula. Asubuhi moja, nyanya akikamua ng'ombe, nilimkuta punda amelala ubavu, hajifukuzii tena nzi.

Labda mapafu yalikuwa yamechoka tayari. Daktari wa mifugo wa Nkubu niliyemuuliza nikiwa mtu mzima aliniambia vumbi la ukungu linaweza kuua punda wa namna ile, lakini punda mzee anaweza kufa na lolote. Naliandika na hilo.

Ila kijijini walishajua. Kwenye foleni ya fakitori nilisikia akina mama wakisema, "Amemlisha punda majani ya kuwasha, alitegemea nini?" Jirani sikumsikia akisema hivyo kwa masikio yangu. Sikumsikia akikanusha pia. Nilimuuliza nyanya kwa nini hasemi habari ya maganda. Akaniangalia kama nimetukana. "Mtu amemletea mgonjwa wako chakula, halafu wewe uende useme kilimuua? Utaishi na nani?"

Akachukua kamba, akaipitisha kwenye paji la uso, akaanza kupandisha kahawa mwenyewe. Wale aliowabebea zamani walitafuta punda mwingine. Kamba ile ilimchimbia mfereji kichwani ambao haukuondoka.

Tulipomzika nyanya, miaka mingi baadaye, mibariti mingi ilikuwa imekatwa mbao, kahawa imeng'olewa ikapandwa parachichi, na bodaboda zinashuka mpaka mtoni. Zizi halipo. Watoto wa huko wanapita thabai bila kujua inafaa nini. Jirani, amezeeka sasa, alisimama na fimbo kusema machache. "Mama huyu hakuwa mvivu," akasema. "Mimi jirani yake nilimwona akibeba kahawa kwa mgongo wake mwenyewe mpaka uzeeni."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, maana alichosema kilikuwa kweli.