Ng'ombe Asiyecheka

Mchoraji wa nembo hachori asichokiona. Sheria hiyo aliipata utotoni, mama yake alipomchapa kwa kuchora ukutani, kwa mkaa, kuku wa miguu mitatu. "Ukuta nitausamehe, mwanangu, uongo hapana!" Majuzi mwenye kiwanda cha maziwa alimwagiza ng'ombe anayecheka, wa kuweka kwenye pakiti. Mchoraji akahamia zizini. Siku ya nne bado alikuwa akilamba ncha ya penseli na kumsimulia ng'ombe vichekesho.

"Fundi, tangu lini ng'ombe akacheka?"

"Wewe ndiye uliyesema anacheka, bosi. Mimi namsubiri."

Sheria hiyo ilimgharimu kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kazi alipewa mchoraji mwingine, na mama yake sasa hununua maziwa hayo. Anasema huyo ng'ombe anayecheka kachorwa vizuri.