Maziwa ya Biskuti Yaliyompandisha Mama Sukari

Kadiri nilivyozidi kumtengenezea mama yangu kinywaji kisicho na sukari, ndivyo sukari yake ilivyozidi kupanda.

Usicheke kwanza. Na mimi sikuelewa.

Naitwa Twalib, fundi friji pale Mbagala. Nakaa Chamazi na mke wangu Nusaiba na mama yangu mzazi, Bi Zuena. Mama ana ugonjwa wa sukari mwaka wa sita sasa. Juu yake ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa mwaka mzima alikuwa ananijua kwa sauti tu, sura yangu anaona ukungu.

Daktari wa macho alituambia bila kuzunguka: upasuaji atafanya, ila sukari ishuke chini ya kumi na ikae hapo. Ikiwa juu, jicho linaweza kuharibika kabisa.

Mama alikuwa kumi na moja pointi nne. Tulishakaribia.

Tatizo likaja kwenye besdei ya mjukuu wake kule Sinza. Wakampa glasi ya milkshake, ile ya biskuti nyeusi zenye krimu nyeupe katikati. Mama akanywa, akalamba midomo, akauliza kama kuna nyingine.

Toka siku hiyo nyumba haikukalika.

"Twalib, yale maziwa ya biskuti yanauzwa wapi?"

"Mama, yale ni sukari tupu."

"Sijakuuliza kilichomo. Nimekuuliza yanauzwa wapi."

Bibi wa wajukuu tisa huyo.

Nikaenda kumlilia Sista Kokuberwa, nesi wa kliniki ya sukari. Akaniambia, "Kaka, ukimkataza kabisa atakula kwa kujificha. Mtengenezee mwenyewe. Punguza vya kupunguza, na iwe glasi ndogo, siyo kila siku."

Basi dume zima nikaingia jikoni.

Maziwa nachemsha, nayaacha yapoe, natoa utandu wote wa juu. Aiskrimu nikaifuta, mahali pake nikaweka mtindi mzito usio na sukari na nusu ndizi iliyoganda kwenye friza. Biskuti mbili tu, krimu yake naikwangua kwa kisu. Vanila matone mawili, barafu, blenda.

Nusaiba anasimama mlangoni anaangalia. "Fundi wangu leo anakwangua biskuti. Kweli mume nimepata."

Sio ile ya Sinza, nisikudanganye. Lakini ukifumba macho na ukawa huna kinyongo, zinafanana.

Kila baada ya siku moja, asubuhi kabla sijaenda kazini, naitengeneza na kuiweka kwenye jagi dogo lenye mfuniko. Juu nabandika karatasi: MAMA, SAA KUMI.

"Hiyo karatasi anaisoma nani?" Nusaiba akaniuliza. "Mama haoni, mie nashinda saluni. Unaliandikia friji?"

Nikirudi jioni nakuta jagi limeoshwa, limekaushwa, limefunikwa vizuri.

"Ilikuwa tamu, mama?"

"Tamu, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nilikuwa najisikia vizuri sana, nisiseme uongo. Kazini nilikuwa nawahadithia mpaka wateja.

Wiki ya pili nikampima. Kumi na tatu.

Wiki ya tatu, kumi na tano.

Nikasema kipimo kibovu. Nikanunua kingine, nikamjaribia Nusaiba. Tano na nusu. Nikarudi kwa mama. Kumi na tano vilevile.

Hapo akili yangu ya ufundi ikaanza kutafuta panapovuja. Na kwa ujinga wangu nikaona panavuja kwa mke wangu. Kila asubuhi nikawa nachora alama kwenye kopo la sukari, jioni nakuja kuangalia imepungua kiasi gani.

Siku ya tatu Nusaiba akanikuta nimeinamia kopo.

"Unapima nini humo?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia.

Jamani. Lile neno sikuwa na haja ya kulisema.

"Yaani mie, Nusaiba, namlisha mama mkwe wangu sukari? Mie ninayemuogesha na kumpaka mafuta miguu?" Hakulia. Angelia ningejua pa kuanzia. Siku mbili alikuwa ananipakulia chakula bila kunisemesha, na mimi nakula huku najua nimemkosea.

Ikafika siku ya kliniki. Mama ni wa Ijumaa. Wiki hiyo Jumatano ilikuwa sikukuu, kwa hiyo wagonjwa wa Jumatano wakasogezwa kwetu. Mabenchi yakajaa mpaka nje.

Sista Kokuberwa akasimama mbele, akapiga makofi.

"Leo nina mfano wa kuwaonyesha. Huyu mama alikuja hapa ana kumi na nne. Leo ana saba pointi moja. Mama, hebu simama wenzio wakuone."

"Haya, nimesimama." Alikuwa Bi Raudha.

Bi Raudha ni jirani yetu. Kati ya nyumba yake na yetu kuna ua wa michongoma tu, na mtaa mzima unamjua kwa visheti vyake vya kuuza, vile vilivyovikwa sukari. Kumbe naye ana sukari? Mbona hatukuwahi kusikia?

Mama akanishika mkono. Alipoisikia ile sauti vidole vyake vilikaza.

"Waambie wenzio siri," Sista akasema.

"Siri gani, mwanangu. Dawa nameza kama ulivyonielekeza. Visheti nauza, sionji. Na ile hamu ya kitu kitamu, ninaye shoga yangu jirani. Mwanawe anamtengenezea maziwa ya biskuti, basi ananiletea mimi. Matamu! Na huyo kijana ni bahili, hatii hata kijiko cha sukari."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani.

"Mama."

"Abee."

Toka anizae, mama yangu hajawahi kuniitikia abee.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho mtoto yeyote aliyelelewa uswahilini anakijua. Jirani akikuletea kitu, chombo chake hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi, bakuli unalirudisha hata na maembe mawili. Kurudisha chombo kitupu ni kukosa malezi.

"Mama, hilo jagi lilikuwa linarudi na nini?"

Kabla hajajibu, Bi Raudha akatuona.

"Zuena! Na wewe umefuata nini huku? Si uliniambia hospitali unakwenda kwa ajili ya macho tu?"

"Na wewe si uliniambia Jumatano unakwenda kwenye kikoba kuweka akiba?"

Wakaangaliana, au niseme mmoja akaangalia na mwingine akaelekeza uso. Kisha Bi Raudha akajishika kichwa.

"Ya Rabi! Na mie jagi la watu nalijaza visheti mpaka mfuniko haufungi!"

Benchi zima likaangua kicheko. Sista Kokuberwa mwenyewe akashindwa kujizuia, akageukia ukutani. Alipotulia akawaambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyie wawili Mungu amewapenda, mmeumbuliwa na jagi."

Kicheko kiliisha mama alipopimwa. Kumi na sita pointi mbili. Tukapita kwa daktari wa macho, akafuta jina lake kwenye orodha ya upasuaji ya mwezi ule.

Kwenye bajaji ya kurudi nikashindwa kujizuia. "Mama, unataka kupofuka? Mie najinyima, nakwangua biskuti asubuhi asubuhi, wewe unagawa?"

Akashusha mtandio.

"Twalib, siku ya kwanza niliyanywa. Ya pili nikayanywa. Matamu kweli. Lakini niko peke yangu, nyumba kimya, nimeshika glasi. Toka baba yako afariki mie kitu cha peke yangu hakishuki. Wewe unaweka kwenye friji, unabandika karatasi, unaondoka. Hukuwahi kukaa ukanywa na mimi hata tone. Kwa Raudha ananipokea, ananiuliza nimeamkaje, tunacheka. Angenipa hata mawe ningeyatafuna."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Mimi nilikuwa nahesabu biskuti, wala sikujua mama yangu ana upweke ndani ya nyumba yangu.

Nilipofika nikaanza na Nusaiba. Nikamuomba msamaha mbele ya mama. Akanitazama weee, kisha akasema, "Kopo lako la sukari liko pale, kalipime tena." Hapo nikajua nimesamehewa.

Tukabadilisha utaratibu. Blenda inawashwa nikirudi kazini, saa kumi na moja. Glasi nne ndogo: mama, Nusaiba, mimi, na Bi Raudha anayepitia kwenye michongoma bila hodi. Sukari ikatoka mezani kwa wote. Wakinamama wale wawili wakaanza kutembea pamoja asubuhi, mmoja akimshika mwenzake mkono, huku wanatusengenya sisi.

Haikuwa muujiza. Ilichukua miezi mitatu. Kumi na nne, kumi na moja, kumi na moja tena nikakata tamaa, tisa, nane.

Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilikaa mbele yake. Mama akapepesa, akafumba, akafumbua. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Nikasubiri machozi, nikasubiri dua.

"Twalib. Hilo tumbo ni lako?"

Nesi akacheka. Nusaiba akacheka mpaka akakaa chini.

Mama hakucheka. "Baba yako alianza hivihivi. Sista, hebu mpime na huyu."

Nikamwambia mama mimi mzima, nafanya kazi, sina tatizo. Akanishika kidole mwenyewe, akakishikilia mpaka tone likatoka.

Kumi na mbili pointi nane.

Miezi yote ile nilimpima mama, nikampima mke wangu, mimi mwenyewe sikujipima hata mara moja.

Mama akaniangalia kwa lile jicho moja zima. "Usijali, baba. Hutakunywa peke yako."

Ndugu yangu unayesoma hapa, mgonjwa wako usimtengee chakula chake ukamwachia. Kaa ule naye. Na ukimaliza kula, nenda kapime.