Sikio Langu Halina Cheti

Sikusoma. Niliishia darasa la pili kule Bukombe, kwa sababu ng'ombe wa baba walihitaji mtu wa kuwachunga, na mtu huyo nikawa mimi. Sioni haya kulisema. Nilipakia magunia Isaka mpaka mabega yakaota sugu, kisha nikaingia machimboni nikajifunza kazi moja tu, nikaijua. Mimi ni fundi matimba. Kwa asiyejua, matimba ni magogo tunayoyapanga kwenye kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, ili udongo usiwafunike walio chini. Nyumba yangu ya Nyasubi imetoka kwenye matimba. Watoto wangu wamesomeshwa na matimba. Mtu akiniambia sina ujuzi, ananitukana pamoja na nyumba yangu.

Kazi hii ina desturi yake. Asubuhi, kabla mchimbaji yeyote hajashika kamba, fundi hushuka peke yake na kipande cha nondo, akagonga gogo moja moja na kusikiliza. Gogo zima hujibu kwa sauti kavu. Lililooza hujibu kama mtu mwenye uji mdomoni. Lililobebeshwa kupita uwezo wake hulia kwa sauti nyembamba, kali, kama waya uliokazwa, na hilo ndilo la kuogopa. Fundi akiridhika hupanda na kusema neno moja tu: "Limekubali." Asiposema, haingii mtu, hata mwenye duara abwate mpaka jioni.

Kikundi chetu kilipopata leseni, tukaletewa msimamizi. Shikamoo yake haina kasoro, ila heshima inaishia hapohapo. Alitangaza kwamba kuanzia sasa hashuki mtu kukagua matimba bila cheti, na cheti kinapatikana kwa semina na mtihani wa kuandika. Nikaenda. Kwenye turubai la semina nikamkuta mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu wa pili, ambaye kugonga nilimfundisha mimi. Kwetu mkwe haketi benchi moja na baba mkwe, kwa hiyo aliponiona akahamia nyuma kabisa. Msimamizi akacheka, akauliza kama tumegombana.

Mtihani ulitaka tutaje, tueleze, tufafanue. Hakuna swali lililotaka mtu agonge kitu. Mimi huandika polepole, herufi kwa herufi, na karatasi yangu ilichukuliwa nikiwa swali la pili. Mkwe akafaulu. Mimi nikaambiwa nibaki juu, niwe "mshauri". Mshauri wa nani, hawakusema.

Jioni ile mkwe alikuja kwangu, akaketi mbali, kule penye mtungi, kichwa chini. Akasema atakirudisha cheti, hawezi kushika kazi ya baba yake. Nilimwuliza watoto wake watakula nini, heshima? Nikamwambia akae nacho.

Basi tukaanza kufanya kazi kama wezi. Yeye alishuka akagonga. Mimi nilipiga magoti mdomoni mwa duara, sikio nimelibandika kwenye gogo la juu, maana magogo yameshikana na sauti hupanda. Nikiridhika nilimpa ishara mshika kamba, mkwe akapandishwa, akasema, "Limekubali." Mdomo wake, sikio langu. Msimamizi akaweka alama ya vema kwenye daftari lake, kila asubuhi, akiamini karatasi yake ndiyo iliyosikia.

Halafu ikaja asubuhi moja baada ya mvua. Nikasikia ile sauti nyembamba, safu ya tatu, upande wa kilimani. Nikasimama nikasema leo haliingiwi.

Msimamizi hakupandisha hata sauti. "Mzee wangu, hapa anayesema ni mwenye cheti." Kisha akamgeukia mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua kamba kiunoni. "Mwambie mzee akae pembeni, watu waanze kazi."

Anamwambia mtu anifukuze mimi, baba wa mke wake, mbele ya wachimbaji wote. Mchimbaji mmoja, mtani wangu wa siku nyingi, akamwambia, "Bosi, huyu ukimlazimisha, leo mke atarudi kwao." Watu wakacheka. Mkwe hakucheka. Hakunitazama pia. Alitoa cheti mfukoni, kimefungwa kwenye nailoni, akakiweka juu ya daftari.

"Mimi niligonga tu," akasema. "Aliyesikia ni Baba. Baba akisema halijakubali, halijakubali."

Hakuna aliyeshika kamba. Ikabidi lile gogo libadilishwe. Walipolitoa, kwa mbele lilikuwa zuri kama jipya. Nyuma, upande unaogusa udongo, ambako jicho halifiki, lilikuwa limepasuka urefu wake wote. Siku ile chini wangeshuka watu tisa, na mkwe wangu mmoja wao.

Nilidhani itatosha. Jioni nikaomba nione daftari. Msimamizi akajitolea kunisomea, nikakataa, nikasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Kumeandikwa kwamba kasoro imegunduliwa na fundi mwenye cheti. Nikamwuliza mimi niko wapi.

"Fomu haina sehemu ya mtu kama wewe, mzee."

Nikamwambia ana rula na ana kalamu, aichore.

Kesho yake sikwenda. Nilibaki nyumbani nikanywa chai yangu. Saa nne mkwe akapiga simu, akaniamkia vizuri, akaniuliza hali ya mama, ndipo akasema: wachimbaji wameketi juu ya viroba vyao, hakuna anayetaka kushuka, wanasema hawajasikia neno la namhala. Ndivyo wanavyoniita, mzee wao. Na msimamizi anauliza nitafika saa ngapi.

Nikamwuliza kama ile sehemu imechorwa.

"Bado, Baba."

"Basi waendelee kukaa," nikasema.