Mama alisema "ng'ora", mimi nikasikia "ng'oa": root canal yenye kona hapa Keroka

Wakuu, hamjambo. Nimechoka hadi vidole, lakini hii lazima niwaambie, na sitatia chumvi.

Mimi ni daktari wa meno hapa Keroka. Kwetu ni Kitui, kwa hivyo Kigusii changu kinaishia kwenye salamu.

Leo mgonjwa wa mwisho alikuwa mama mmoja mchuma chai kutoka Nyamira. Gego la chini limeoza hadi kwenye neva. Upande wa pili magego yote yalishang'olewa, hili ndilo analotafunia.

"Daktari, hii usitoe," aliniambia. "Nitakula na nini?"

Nikamwahidi root canal. X-ray ikaonyesha mizizi imepinda kama ndoana. Nikachoka zaidi.

Kwa wasiojua: tunasafisha mfereji mwembamba ndani ya mzizi kwa faili, kitu kama sindano yenye mikunjo, inayozungushwa na mashine. Penye kona unaanza kwa mkono, faili ndogo kabisa, unapapasa njia. Mashine inafuata, mguso mwepesi: ingia kidogo, toka, osha na dawa, kagua faili. Ukilazimisha, inakatikia ndani, na jino linaweza kupotea.

Kwa mkono nilienda vizuri. Kufika kwenye mashine uchovu ukanishika, nikaanza kusukuma.

Mama, mdomo wazi, akapiga kiti: "Ng'oa! Ng'oa!"

Iliniuma, wakuu. Kazi yote hiyo, halafu ameghairi? Nikazima mashine, nikatoa faili, nikachukua koleo.

Kuona koleo, mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka.

Nesi wetu Kwamboka, ambaye ni wa huku huku, akaja mbio. Wakaongea Kigusii, kisha Kwamboka akashindwa kujizuia kucheka.

"Daktari, weka hiyo kitu chini! Mama hajasema ng'oa. Amesema ng'ora. Kwetu hiyo ni polepole!"

Aibu niliyoona, acheni tu.

Nikaiinua ile faili kwenye taa. Mikunjo ya karibu na ncha ilikuwa imeanza kufunguka. Ningesukuma kidogo tena, ingebaki kwenye kona.

Nikaitupa. Nikakaa, nikanywa maji. Nikarudi kwa mkono, halafu faili mpya, na kila nikiingia Kwamboka ananikumbusha: "Ng'ora, daktari." Tukamaliza mizizi yote, nikaweka dawa na kuziba kwa muda.

Mlangoni mama akageuka, shavu bado zito kwa ganzi. "Wiki ijayo nitarudi. Lakini hiyo koleo ufiche."

Nilichojifunza: kona haitaki nguvu, na mkono uliochoka hausikii faili ikilalamika. Kuanzia sasa mgonjwa wa jioni mwenye mizizi iliyopinda nitampa nafasi ya asubuhi.

Wenzangu wa kazi za mikono, fundi, kinyozi, yeyote: nyinyi mnajuaje mmechoka kabla mteja hajapiga kiti?