Shangazi Sau na wainua pikipiki

Saa moja kasorobo asubuhi, na maegesho ya chuo mjini Can Tho yameshajaa. Msichana mwenye kofia ngumu ya waridi anairudisha nyuma pikipiki yake, kioo chake kinaigusa ya jirani, na hapo balaa linaanza. Ya kwanza inaiangukia ya pili, ya pili inaiangukia ya tatu, mpaka pikipiki kumi na sita zimelaliana kama walevi.

Msichana anatazama huku na huku, anawasha pikipiki yake na kutoweka.

Dang Thi Lua, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ndiye anayelipwa kuzilinda pikipiki hizo. Hainuki kwenye kiti chake cha plastiki. Anakoroga kahawa yake ya barafu na kusubiri.

Wanafunzi wanapita. Mmoja anapiga picha. Wa saba, kijana mrefu mwenye begi mgongoni, anasimama, anaguna, anaweka mkate wake juu ya ukuta na kuanza kuinua. Moja. Mbili. Tatu. Na yake wala haimo.

Sasa Lua anasimama.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Kiet, shangazi."

"Jumatatu una kipindi saa ngapi?"

"Saa tatu. Kwani kuna nini?"

"Kuna uji. Saa kumi na moja alfajiri, jiko la hospitali. Na uoge kabisa, usije ukawatisha wagonjwa."

Kijana anacheka akidhani anataniwa. Bado hajamjua Shangazi Sau, kama chuo kizima kinavyomwita. Mama huyu ana utani na kila kitu isipokuwa uji.

Kazi yake ni kugawa tiketi, kupanga safu na kuhakikisha kila mtu anaondoka na chombo chake. Pikipiki zaidi ya mia tisa kwa siku, jua likiwaka au mvua ikimwagika, kwa mshahara mdogo wa dong milioni tano na laki mbili kwa mwezi. "Inatosha mchele na maneno ya mume wangu," anasema.

Mume huyo ndiye chanzo cha yote. Miaka kumi na moja iliyopita alilazwa kwa siku kumi na tisa, na Lua alilala sakafuni kando ya kitanda chake. Leo mzee ni mzima, anafuga bata na kulalamikia chumvi ya mboga. Lakini Lua hajasahau asubuhi ile wanafunzi walipoingia wodini na ndoo za uji wa mchele.

"Dawa sikumbuki hata moja," anasema. "Namkumbuka mtoto aliyenishikisha bakuli akaniambia, mama, kula kwanza wewe."

Wanafunzi wale walikuwa wa klabu ya hisani ya chuo hiki hiki. Kila Alhamisi hupika mabakuli mia mbili na hamsini ya uji kwa wagonjwa na wanaowauguza, bure. Lakini mwaka jana, wakubwa walipohitimu, klabu ilibaki na watu wanne. Wanne, jamani, kwa masufuria matatu!

Mwenyekiti wao, Tram, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa famasia, alifanya kama wanavyofanya wenzake wa klabu nyingine. Alisimamisha hema, akafungulia muziki, akagawa chai ya maziwa kwa kila aliyejiandikisha. Yalipatikana majina mia moja arobaini na matatu. Alhamisi walikuja wawili, na mmoja aliondoka baada ya kujipiga picha na sufuria.

Siku hiyo uji ulichelewa, na wagonjwa sitini wakarudi na mabakuli matupu. Bibi Nga, msimamizi wa jiko la hisani, mwanamke mkavu asiyerudia neno, alimwita Tram pembeni.

"Alhamisi ijayo nikikuta hamjafika kumi na wawili, jiko nawapa wengine. Siwezi kuwaahidi wagonjwa chakula kisichofika."

Tram alikwenda maegeshoni, akaegemea pikipiki na kulia.

"Wewe! Unalilia kiti cha mwenzio," Shangazi Sau akamwambia. "Yako ni ile pale."

Alipoelezwa kisa, aliuliza swali moja tu. "Hao mia na arobaini uliwapatia wapi?"

"Kwenye hema, shangazi. Tuliwapa chai."

"Basi ulipata wanywa chai. Niachie mimi."

Kwa miaka tisa ya kukaa getini, Lua alikuwa ameona jambo moja. Pikipiki zikianguka, watu mia hupita na mmoja huinama. Hajui kwa nini, na wala hajali kwa nini. Anachojua ni kwamba anayeinua pikipiki za watu asiowajua ataamka alfajiri kumpikia mtu asiyemjua.

Mlinzi mwenzake, Mjomba Phan, alicheka mpaka akakohoa. "Ukipata kumi na wawili kwa mtindo huo, namenya vitunguu vyao mwenyewe!"

"Nunua kisu," Lua akamjibu.

Aliwaandika nyuma ya tiketi zilizotumika. Walioinua, tena bila kuambiwa. Kufikia Jumanne jioni, ukijumlisha na wanne wa zamani, alikuwa na kumi na mmoja. Alibakiza mmoja, na siku moja.

Jumatano hakuna kilichoanguka. Asubuhi, kimya. Mchana, kimya. Watoto wa watu siku hiyo waliegesha kwa adabu ya ajabu. Ilipofika saa kumi, Shangazi Sau alitazama kushoto, akatazama kulia, akaisukuma pikipiki ya mwisho kwa nyonga.

Weee! Ishirini na mbili zilikwenda chini, na yake mwenyewe ikiwamo, kioo kikavunjika.

Msichana mdogo wa mwaka wa kwanza, Nguyet, aliacha vitabu vyake chini akaanza kuinua. Alipomaliza, akamsogelea Lua na kunong'ona.

"Shangazi, nimekuona ukisukuma."

"Basi funga mdomo, uje kesho saa kumi na moja alfajiri, jiko la hospitali."

Alhamisi, Phan alishika geti peke yake na Lua akaenda jikoni. Bibi Nga alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, ufunguo wa jiko ukining'inia kiunoni. Saa kumi na moja kamili walikuwa watano. Baada ya dakika kumi, saba. Tram alikuwa anaosha mchele uleule kwa mara ya nne. Lua anakiri kwamba alikuwa akihesabu watu kila dakika. "Nilijisemea, wewe mwanamke umevunja kioo bure."

Ndipo zikasikika pikipiki uani. Moja, kisha tatu, kisha kelele tupu. Nguyet aliingia akiongoza wasichana watano wa bweni lake, mmoja angali na nguo za kulalia. Nyuma yao wakaja wale wa kwenye tiketi, kila mmoja na mwenzake, mwingine na wenzake wawili.

"Nilikuambia uje, mbona umehama na bweni?" Lua akamuuliza.

"Uliniambia nije, shangazi. Hukuniambia nije peke yangu."

Bibi Nga alihesabu mara mbili. Ishirini na wawili. Miiko ilikuwa sita.

Walipika. Walikatakata majani ya vitunguu, walipigana vikumbo, walicheka kupita kiasi na kukaripiwa. Kufikia saa moja, mabakuli yote mia mbili na hamsini yalikuwa yamefika wodini, ya moto. Lua alilia mbele ya watu, wala hakujificha.

"Jiko ni lenu," Bibi Nga akasema. "Lakini hawa wote nitawaweka wapi?"

"Tupe na Jumatatu," Lua akamjibu papo hapo.

Bibi Nga alikitazama kile kikosi cha watoto waliopakaa mchele hadi nyusi.

"Jumatatu huwa natoka kwa mlango wa nyuma," akasema taratibu. "Miaka mitatu sasa. Watu huja na mabakuli wakidhani kuna uji, nami siwezi kuwatazama usoni." Kisha akaufungua ufunguo kiunoni, akamkabidhi Tram. Na yule mwanamke mkavu akakaa juu ya gunia la mchele, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Leo klabu ina watu arobaini na wanane. Jumatatu na Alhamisi moto unawaka, na Mjomba Phan humenya vitunguu kabla ya zamu, huku akilia kuliko wote.

Unaweza kudhani Shangazi Sau ametosheka. Thubutu! Anapoulizwa anatamani nini sasa, anainua vidole vyake vinavyonuka mafuta ya pikipiki na kuanza kuvikunja.

"Siku mbili tunazo," anasema. "Zimebaki tano."