Ekzosi Kama ya Yule Mfugaji

Miaka ile soko huria lilipokuwa linaingia Sumbawanga, nilikuwa nazunguka vijijini kumtafutia mahindi tajiri mmoja wa mjini. Zamani ushirika ndio ulionunua kila kitu, na wakulima walisubiri malipo mpaka wakachoka. Sasa yeyote mwenye lori na magunia alikuwa mnunuzi. Tajiri hakuwa na muda wa kupiga hodi nyumba kwa nyumba kuanzia Chala mpaka Matai, akanituma mimi kwa sababu nilikuwa na pikipiki.

Niliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya muundo wa zamani: taa ya mviringo, tangi lenye tumbo, kiti kirefu kilichonyooka, magurudumu ya spoku. Jioni nikirudi nilikuwa naifuta vumbi jekundu kabla sijanawa uso wangu mwenyewe. Kasoro yake ilikuwa ekzosi, lile bomba la moshi. Kutu ilikuwa imeila kwa chini, tundu nimeliziba kwa bati la kopo na waya, na kila tukipanda kilima ilikohoa kama mgonjwa wa pumu.

Karibu na stendi kulikuwa na mgahawa mdogo wa dada mmoja, binti wa wakulima wa kijiji cha jirani. Aliuza chai, maandazi, na asubuhi za baridi uji wa ulezi. Mwanzoni nilikwenda kwa ajili ya uji. Baadaye nikawa nakwenda hata nikiwa nimeshiba. Yeye aliniita "kaka wa mahindi", na mimi nilikaa pale kwenye benchi la pembeni nikimtazama akipita na birika, nikijiambia kwamba kesho nitamwambia neno.

Asubuhi moja niko na bakuli langu, ukasikika mlio wa pikipiki kutoka mbali. Haukuwa wa kelele. Ulikuwa mzito, wa chini, umetulia, kama mtu mwenye sauti nzuri anayeongea bila haraka. Yule dada akainua kichwa. Akajifuta mikono kwenye khanga, akatoka nje kabla pikipiki yenyewe haijaonekana.

Aliyekuja alikuwa mfugaji kijana, wa familia zilizohama na ng'ombe zao kutoka kaskazini magharibi zikaja kukaa bondeni, upande wa Milepa. Alikuwa mrefu, amevaa koti refu la sufu la mtumba ambalo lilimkaa kana kwamba alishonewa. Pikipiki yake ilikuwa ndugu wa yangu kabisa, hata rangi ya tangi ilikaribiana. Nyuma alikuwa amefunga madumu ya maziwa mgando. Alimletea yule dada maziwa, akapokea madumu matupu, na katikati ya hayo mawili wakacheka sana. Uji wangu ukapoa mpaka ukafanya utando.

Kabla ya kumchukia yeye nilianza kuichukia ekzosi yake. Ilikuwa nene, inang'aa, mkia umepanuka kama wa samaki.

Akaja mara nyingine, na nyingine. Yule dada akajifunza maneno ya lugha ya kwao, akawa anamsalimia nayo. Mimi niliyekuwa naongea naye Kifipa, lugha aliyozaliwa nayo, sikuwahi kumchekesha kwa Kifipa wala kwa Kiswahili. Kibaya zaidi, yule bwana alikuwa mwema. Siku moja alisimama kando ya pikipiki yangu, akainama kuangalia lile bati la kopo.

"Ndugu yangu," akasema, "hii yako na yangu ni mapacha. Mbona unaiacha inateseka hivi?"

Yule dada alikuwa mlangoni. Alicheka kidogo, akaficha mdomo kwa mkono. Nilipanda pikipiki nikaondoka, na ikakohoa mpaka tulipokata kona.

Kesho yake nilikwenda duka la spea. Lilikuwa duka jipya la mama mmoja aliyekuwa analeta bidhaa kutoka Tunduma. Zamani spea uliiagiza ukasahau kama uliiagiza. Sasa zilining'inia mpaka darini, na mtu aliyezoea kupokea chochote kilichopatikana alitakiwa kuchagua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ekzosi, eti? Nimekusikia tangu uko sokoni."

Akanitolea tatu, akazipanga juu ya gunia. Fundi wake, aliyefanya kazi uani nyuma ya duka, akaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa ndefu na nyembamba, imechongoka nchani. Ilikaa kwenye bolti zake bila kulazimishwa. Fundi alipopiga kiki, pikipiki ilitoa mlio safi, wa upole, na kwa mara ya kwanza niliisikia injini yenyewe ikifanya kazi. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ya pili ilikuwa fupi, nyeusi. Iliposhika moto, kuku wa uani walitawanyika na mtu wa duka la jirani akatoka kuuliza kuna nini.

"Hii ndiyo ya kijana!" fundi akapaza sauti, amefurahi. "Ukiwa Matai, Kasanga wanajua unakuja!"

Nilimwambia aitoe.

Ya tatu ilikuwa nene, inang'aa, mkia kama wa samaki. Nilisogea karibu kabla hajaifunga. Fundi alihangaika nayo. Ilikaa karibu mno na kikanyagio, ikabidi achomelee kipande cha chuma cha kuishikilia. Alipopiga kiki nikafumba macho. Ulikuwa mlio uleule, mzito, wa chini, uliomfanya yule dada aache birika.

"Mama, kuna mwingine amenunua kama hii?"

"Yule mfugaji wa bondeni. Zilikuja mbili, yeye kachukua moja." Akanitazama. "Lakini wewe chukua ile nyembamba, mwanangu. Pikipiki yako inaitaka ile. Hii itakuunguza mguu."

"Nataka hii."

"Umependa nini?"

Ningemwambiaje kwamba nilitaka kuinuliwa kichwa? Nilitaka yule dada ajifute mikono, atoke nje, na safari hii atakayemkuta awe mimi. Na nilitaka yule mfugaji naye akisikia mlio wake unatoka kwa mwingine ajue maumivu yake.

Asubuhi iliyofuata upepo wa nyanda za juu ulikuwa unakata masikio. Niliteremka taratibu kuelekea stendi, nikiuacha mlio utangulie. Sijafika bado, nikamwona anatoka. Alikuwa amefunga kitenge ambacho sikuwahi kukiona, mikononi ana madumu matupu, na usoni ana tabasamu ambalo mimi sikuwahi kupewa, hata siku moja.

Akaniona. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni, likihangaika, kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Aa," akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Nilidhani ni maziwa."

"Maziwa hayaendeshi pikipiki."

Akayaweka madumu chini. Akaiangalia ekzosi, akaniangalia mimi. "Umenunua kama yake."

"Iko dukani. Yeyote ananunua."

"Kaka, unataka nini?"

Wateja walikuwa wameacha kutafuna. Nilikuwa bado nimekaa juu ya pikipiki, joto la chuma linanichoma shavu la mguu kupitia suruali, na wivu ukanitangulia kusema.

"Nataka kujua hicho kitenge umemfungia nani."

Nilidhani atanitukana, lakini alinijibu kwa utulivu, kwa Kifipa, ili wengine wasifaidi. Alisema yule mfugaji ameshaposa. Ndugu za mfugaji wamekwenda kwa baba yake dada, wametaja ng'ombe. Dada mwenyewe hajajibu.

"Kwa nini hujajibu?"

"Anataka nifunge mgahawa, nikakae bondeni. Sitaki kufunga mgahawa." Akayasogeza madumu kwa mguu. "Na wewe hujawahi kusema kitu. Unakunywa uji, unanuna, unaondoka."

"Basi leo nasema."

"Kasemee ndani. Huku barabarani unaniaibisha."

Nilisema, na kwamba mgahawa utabaki wazi, naye akaikataa posa ya bondeni. Baadaye mjomba wangu alikwenda kwa baba yake, akarudishwa, akaenda tena, mwishowe wakakubaliana. Watu walinipongeza sana. Lakini kuna kitu kilinikera ambacho sikumwambia mtu: kwamba hakusema amenipenda mimi kuliko yule. Alisema hataki kufunga mgahawa. Usiku nilikuwa najiuliza, kama yule bwana angekubali kuhamia mjini, mimi ningekuwa nakunywa uji wapi?

Mfugaji alikuja mara ya mwisho majani ya bondeni yalipokwisha na wao wakaamua kusogeza ng'ombe upande wa Mpanda. Mchumba wangu alikuwa ndani akikanda unga. Aliposikia mlio alijua kwamba si wangu, maana mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Akatoka na mikono ya unga vilevile.

Yule bwana alinipa mkono, akanipongeza kwa moyo mmoja, nami nikamchukia zaidi kwa hilo. Kisha akaiona ekzosi yangu. Alicheka kwa furaha kama mtu aliyekutana na ndugu safarini.

"Washa na yako tusikie!"

Nikawasha. Pikipiki mbili zikanguruma kando kwa kando, na hata mimi mwenyewe sikuweza kutofautisha ipi ni ipi. Alisikiliza, ameinamisha kichwa, akatikisa kwa kuridhika. Halafu akamgeukia yule dada. Dada akasema neno kwa lugha ya yule bwana, neno moja tu. Yeye akamjibu kwa maneno mengi, taratibu, huku akimtazama usoni. Akapanda, akaondoka njia ya Chala.

Nilizima pikipiki yangu.

"Kakwambia nini?"

"Ananiaga tu."

"Kuaga gani kurefu hivyo?"

"Kwao ndivyo wanavyoaga," akasema, akaingia ndani. Nikabaki nje nikisikiliza mlio ukipungua nyuma ya mikaratusi. Nilipogeuka, nilimwona kupitia mlangoni amesimama juu ya unga wake, mikono imetulia, naye anasikiliza.