Anko wa Timboroa na Bia ya Kibelgiji

Leo nimefunzwa kunywa bia na mzee wa gambuti.

Mnakumbuka ile bia ya mtindo wa Ubelgiji? Mwaka jana niliinywa kwa baa moja hapa Eldoret ikiwa baridi kama barafu, nikaitukana hapa hapa mtandaoni.

Sasa leo mchana Anko, ndugu ya mama, ameleta viazi Eldoret kutoka Timboroa, kule kwenye baridi kali. Nikampeleka baa ile ile, nikamwagizia bia ile ile.

Weita akauliza, "Baridi ama moto, ile haijaingia friji?"

Anko akasema, "Moto. Baridi ninayo nyumbani, ya bure."

Jamani, aibu! Nikamnong'oneza, "Anko, hii ni bia ya wazungu. Lazima itoke kwa friji."

Weita akacheka. "Boss, mzee ndiye anajua. Hii ikikaa sana kwa friji, ladha yote inapotea."

Nikaonja glasi ya Anko. Woi! Ndizi mbivu, karafuu, na utamu kama wa mkate umetoka oveni sasa hivi.

Nikaonja tena. Na tena.

Anko akavuta glasi yake. "Weita, letea huyu yake. Moto. Ameanza kumaliza yangu."

Wale mlinipa like nikiitukana, ziondoeni leo leo. Nimeokoka.